Goblini Naye Ana Mama

"Aah, ni mchezo tu, bwana!" Jibu hilo nimelisikia mpaka limenichosha. Ukiuliza kwa nini goblini lazima auawe, unaambiwa ni mchezo tu. Haya, tuutazame huo mchezo.

Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa mezani. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mhusika wake, na dadu ndiyo inaamua nani kapiga na nani kakosa. Yote ni maneno tu, kama hadithi za jioni. Ndiyo maana sisi tunaojiita watunzi hatuna ruhusa ya kufumba macho.

Sasa fungua kitabu chao cha viumbe cha mwaka 1977. Goblini kaandikiwa tabia: mwovu. Si goblini fulani aliyeiba mbuzi wa watu, la! Wote, hata aliyezaliwa jana. Halafu soma The Keep on the Borderlands, kisa alichotunga Gygax mwaka 1979. Kwenye mapango ya magoblini, ukiwapita walinzi unakuta chumba wanamoishi: wanaume, wanawake, na watoto ambao kisa chenyewe kinasema hawapigani. Wenye nyumba wako kwao. Aliyevamia ni wewe, shujaa. Watoto wale utawafanyaje?

Mwaka 2005 Gygax mwenyewe alijibu. Alisema kundi la watu wema linaweza kuwahukumu kifo hata wale wasiopigana, au kuwateka na kuwabadilisha fikra. Akautetea na ule msemo kwamba mayai ya chawa huja kuwa chawa.

Msemo huo unajulikana kwa Kanali John Chivington. Tarehe 29 Novemba 1864, huko Sand Creek, Colorado, askari wake waliwaua Wacheyenne na Waarapaho, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Sasa tusidanganyane. Goblini hayupo duniani, sawa. Lakini maneno yanayomuua yapo, na yalishaua watu wenye damu na majina.

Kuna mchezo mwingine, Pathfinder. Humo magoblini wanaogopa maandishi; wanaamini ukiandika neno, linaibwa kichwani mwako. Wachezaji wanacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Asiyeandika huandikwa na mwingine, na goblini kaandikwa na nani? Na yule anayekuja na upanga! Ilipofika 2019, toleo la pili la mchezo huohuo likamweka goblini kwenye kitabu kikuu, mchezaji amchague awe yeye. Umeona? Mara tu mtu alipokaa ndani ya ngozi ya goblini, ule uovu wa kuzaliwa nao ukakosa pa kukaa.

Na kabla ya hapo, mwaka 2004, ulimwengu wa Eberron wa Keith Baker uliwapa goblini na ndugu zao historia: dola kubwa ya Dhakaan, iliyoanguka kabla binadamu hawajavuka bahari kuja kukaa. Mji wa Sharn umesimama juu ya magofu yao. Hapo goblini anayeokota makombo mtaani ana kisa. Mitaa ile ilikuwa ya babu zake.

Wapo watakaosema hadithi bila adui haina chumvi. Kweli kabisa! Wala siombi goblini malaika. Huyo naye ni mwongo mwingine. Awe mwizi, awe katili, awe msaliti wa wenzake, lakini awe hivyo kwa tamaa yake, kwa njaa yake, kwa uamuzi wake. Adui mwenye sababu anatisha kuliko adui aliyeumbwa kusubiri upanga. Huyu wa pili si adui, ni uvivu wa mtunzi.

Kwa hiyo wewe unayeandika usiku wenzako wamelala, unayeota majoka na mapango, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujamuua goblini kwenye ukurasa wako, mpe jina. Mpe mama. Mpe sababu ya kuwa pale pangoni. Ukishampa vyote hivyo na ukaona bado ni lazima afe, haya, muue. Ila ujue umeua mtu, na msomaji wako naye ajue.