Ziwa Mweru: Kiyoyozi kikivuja, kijazwe gesi au kibadilishwe?

NCHELENGE, Zambia – Kila mwaka Serikali ya Zambia husimamisha uvuvi katika Ziwa Mweru kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Kwa mfanyabiashara wa Nchelenge au Kashikishi anayetegemea samaki, hiyo ni miezi mitatu ya fedha kutoka bila kuingia. Ndiyo maana swali linaloonekana kuwa la nyumbani tu, kama kiyoyozi cha zamani kitengenezwe tena au kinunuliwe kipya, huku ziwani ni swali la mtaji.

Mwenye friza ya samaki akiwa pia na kiyoyozi nyumbani au katika nyumba ya wageni, mashine zote mbili zinagombea mfuko mmoja. Mara nyingi hata fundi ni yule yule.

Kanuni inayotumika sana katika biashara ya viyoyozi ni ya nusu bei. Gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, na mashine yenyewe imeshakula sehemu kubwa ya umri wake, ambao kwa kawaida ni miaka 10 hadi 15, basi ibadilishwe. Ni kanuni nzuri, lakini inamfaa zaidi mtu ambaye duka la vipuri liko mtaa wa pili. Mtu wa Nchelenge aongeze nauli ya fundi na ya kompresa inayotoka Mansa au Copperbelt. Hesabu hiyo ikiingizwa, matengenezo yaliyoonekana kuwa theluthi ya bei huweza kufika nusu kabla kazi haijaanza.

La pili ni gesi, na hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza kila mwaka bila kutafuta tundu anauza gesi tu. Tundu likiwa kwenye kiungo cha bomba, linazibwa na mashine inaendelea. Likiwa ndani ya koili iliyoliwa na kutu, hesabu ni nyingine kabisa.

Kibandiko cha mashine kisomwe kabla ya kulipa chochote. Kikisema R22, mwenye mashine ajue kwamba gesi hiyo iko njiani kuondoka. Chini ya Mkataba wa Montreal, nchi zinazoendelea, zikiwamo Zambia, Tanzania na Kongo, zilitakiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 ifikapo 2020 na kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025. Mwaka 2030 matumizi yanafungwa, isipokuwa kiasi kidogo kilichoachwa hadi 2040 kwa ajili ya kuhudumia mashine zilizopo. Bidhaa inayopunguzwa kwa sheria haiwezi kutegemewa kushuka bei. Kiyoyozi cha R22 kinachovuja kwenye koili hakistahili mtungi mwingine.

Wapo wanaojaribu njia ya mkato ya kutia gesi mpya katika mashine ya zamani. R410A hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa kuliko R22 kwa zaidi ya nusu, na mashine ya R22 haikutengenezwa kuuhimili. R290 ni propani, inawaka kama gesi ya kupikia. Si jambo la kujaribu sebuleni.

Kisha kuna umeme. Ukame wa msimu wa 2023/24 ulishusha maji ya Kariba, na mwaka 2024 Zambia ikaingia katika mgawo mkali ambao wafanyabiashara hawajausahau. Umeme unaokatika na kurudi ghafla huua kompresa kuliko umri. Kompresa iliyozimika inahitaji dakika tatu hadi tano kabla ya kuwashwa tena, na kifaa kidogo cha kuchelewesha, ambacho mafundi hukiita friji gadi, hufanya kazi hiyo. Anayenunua mashine mpya bila kifaa hicho amenunua ugonjwa ule ule kwa bei ya juu.

Matumizi nayo yapimwe. Kiyoyozi cha zamani cha BTU 12,000 huweza kuvuta wati 1,400 kikifanya kazi kwa nguvu yote. Cha inverta cha ukubwa huo huvuta takriban 900. Kwa saa nane kwa siku tofauti ni uniti 4, yaani uniti 120 kwa mwezi wa siku 30. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti ya ZESCO, kisha gawa bei ya kiyoyozi kipya kwa jibu hilo. Utapata idadi ya miezi ya kurudisha fedha. Anayewasha saa mbili tu usiku wakati wa joto la Oktoba atashangaa jinsi miezi hiyo ilivyo mingi. Huyo abaki na cha zamani, mradi hakivuji.

Kinachobaki ni kalenda. Friza inaingiza fedha, kiyoyozi cha sebuleni hakiingizi. Kununua kiyoyozi Februari ni kosa, kwa sababu uvuvi ukifunguliwa Machi mfanyabiashara anahitaji kila kwacha kununulia samaki na barafu. Wakati unaofaa ni Juni au Julai, baridi ikiwapo, fedha za miezi ya kwanza ya msimu zikiwa zimeingia na mafundi wakiwa na nafasi. Friza inayosuasua ibadilishwe Novemba kabla ziwa halijafungwa, ikae tayari. Mwenye nyumba ya wageni ana hesabu yake, kwani mgeni aliyelala kwenye joto Oktoba harudi.

Kwa wasafirishaji, onyo ni mawili. Viyoyozi vya mtumba vya R22 vinavyopitia Tunduma na Nakonde ni rahisi kwa sababu kule vilikotoka havitakiwi tena, na uingizaji wa gesi hizo nchini Zambia unasimamiwa kwa leseni za ZEMA. Mtungi usio na karatasi unaweza kuzuia lori zima mpakani, kwa hiyo aulizwe mwenye mzigo kabla ya kupakia. La pili, friza na kiyoyozi cha nje visafirishwe vikiwa vimesimama. Vikilazwa, kama inavyotokea kwenye malori yaliyojaa katika barabara ya Pedicle kupitia daraja la Chembe, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba. Mnunuzi aambiwe aviache vimesimama hadi kesho yake kabla ya kuwasha.