Kamera yangu hainiletei hata shilingi, na ndivyo ninavyoitaka

Leo tunapumzika kidogo mambo ya uji wa lishe na homa za usiku. Naandika kuhusu kamera, ile kubwa ya fulu fremu, maana inbox imejaa maswali ya aina mbili. La kwanza: "Nesi, harusi unapiga kwa bei gani?" La pili: "Sasa kama hupigi harusi, likamera lote hilo la nini?"

La kwanza jibu lake fupi: sipigi harusi. La pili ndilo la posti zote hizi sita. Msimamo wangu nauweka mezani mapema, anayetaka kubisha ajipange: mama ana haki ya kuwa na kitu kizuri anachokipenda, kisichomwingizia hela, na asidaiwe maelezo.

1. Kila kitu cha mama lazima kiwe biashara?

Hebu tujiangalie. Mama akijua kupika maandazi, anaambiwa auze. Akisuka vizuri, afungue saluni. Akipanda maua barazani yakashamiri, ashauriwe kuuza miche. Lakini mzee akikaa kijiweni na bao lake toka saa kumi mpaka adhana ya magharibi, nani amewahi kumuuliza bao linaingiza shilingi ngapi? Baba akilipia king'amuzi aangalie mpira, tunasema kichwa kinapumzika. Sisi tukinunua cha kutupumzisha kichwa, tunaombwa hesabu za faida.

Sisemi biashara ni mbaya. Wapo akina mama wanaosomesha watoto kwa kamera, nawavulia kofia. Ila kazi ina mteja, ina tarehe, ina lawama. Ukianza kupiga harusi, Jumamosi yako imeondoka, na picha za mwanao zinakaa kwenye foleni nyuma ya picha za bibi harusi. Kwa mtu ambaye tayari ana zamu za usiku na nguo za kufua, hiyo ni zamu ya tatu.

Kiswahili chetu kina neno zuri sana: ridhaa. Mchezaji asiyelipwa tunamwita wa ridhaa. Na sisi hospitali tuna fomu ya ridhaa unayosaini kabla ya upasuaji. Neno ni lile lile: kufanya jambo kwa kukubali mwenyewe, moyo ukiwa radhi. Mimi ni mpiga picha wa ridhaa. Nimekubali mwenyewe, basi.

Na usidhani picha za ridhaa ni picha za ovyo. Kuna dada mmoja wa Marekani, Vivian Maier, alikuwa yaya. Alilea watoto wa watu Chicago kwa miaka mingi, na siku zake za mapumziko alizunguka mitaani na kamera shingoni. Hakuziuza picha zake. Mwaka 2007 mizigo yake iliuzwa kwa mnada kwa sababu ya deni la stoo, zikakutwa negativu kwa maelfu. Alifariki 2009, na leo anahesabiwa kati ya wapiga picha wakubwa wa mitaani wa karne iliyopita. Yaya!

Na anayesema "umri umeenda", basi amjue Julia Margaret Cameron wa Uingereza. Kamera yake ya kwanza alipewa zawadi na binti yake na mkwe wake mwaka 1863, akiwa na miaka 48. Banda la kuku aligeuza studio.

2. Fulu fremu ni kitu gani, na inamsaidia nini mama?

Ndani ya kamera kuna kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga badala ya filamu. Fulu fremu maana yake kihisi kina milimita 36 kwa 24, sawasawa na picha moja ya ile filamu ya zamani. Kipimo hicho kilienea duniani baada ya kamera ya Leica kuingia sokoni 1925. Upande wa dijitali, Canon 5D ya 2005 ndiyo iliyoanza kukisogeza kwa watu wa kawaida wenye hela zao kidogo.

Sasa kwa nini ukubwa una maana? Mvua ikinyesha, weka nje beseni na kikombe. Dakika moja tu, beseni limekusanya maji mengi zaidi. Mwanga ni hivyo hivyo. Kihisi cha fulu fremu kina eneo mara 10 na zaidi ya kile cha simu nyingi.

Nitasema ukweli wote lakini. Saa sita mchana uwanjani, simu nzuri itakupa picha nzuri tu, na wengi hawataona tofauti. Fulu fremu inajitofautisha pale maisha ya mama yanapofanyika: chumbani kwenye taa moja, jikoni alfajiri, mtoto anakimbia na nguo ya ndani tu huku umeme hautoshi. Mtoto anayekimbia anahitaji kasi ya 1/250 ya sekunde hivi ili asigeuke ukungu. Kwenye giza hilo itabidi upandishe ISO mpaka 3200 au 6400, na hapo ndipo kihisi kikubwa kinavumilia bila picha kujaa chengachenga.

Lenzi usihangaike nazo. Anza na moja, milimita 50 yenye f/1.8. Ni ndogo, ni ya bei ya chini kuliko nyingine nyingi, na inapitisha mwanga karibu mara 4 ya ile iliyoishia f/3.5. Ukiifungua yote, elekeza fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Jicho likikaa sawa, picha imekaa sawa.

Ubaya wake? Ni nzito. Bodi na hiyo lenzi hukaribia kilo 1. Ukimbeba mtoto mgongoni na pochi mkononi, utaisikia. Siyo ya kutembea nayo kila siku, na sikudanganyi.

3. Tuongee hela

Kamera mpya ya fulu fremu inagharimu milioni kadhaa. Mimi sioni sababu ya mpiga picha wa ridhaa kuanza na mpya. Canon 6D ilitoka 2012 na megapikseli 20. Sony a7 ilitoka 2013, Nikon D750 ikatoka 2014, zote mbili na megapikseli 24. Zilizotumika bei zake zimeporomoka, na bado picha ni zile zile. Kusafisha picha ya inchi 4 kwa 6 kwa ubora mzuri, megapikseli 2 na kitu zinatosha! Usibabaishwe na namba.

Ukienda kukagua iliyotumika, fanya haya manne. Uliza shata imepiga mara ngapi. Makadirio ya kiwanda kwa 6D ni mara 100,000, kwa D750 ni 150,000. Mulika tochi kupitia lenzi, ukiona nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, achana nayo. Piga ukuta mweupe kwa f/16, madoa yatajionyesha. Na ujaribu kila kitufe pale pale dukani, usione aibu.

Hela itoke wapi? Kwenye kibubu, kwenye mzunguko wa kikoba, taratibu, hata miezi 18. Isitoke kwenye ada, isitoke kwenye bima ya afya, na kwa jina la Mungu isitoke kwenye mikopo ya kausha damu. Raha ya ridhaa inakufa siku mtu anapogonga mlango kudai marejesho. Kama mwaka huu haiwezekani, kamera haiozi. Simu yako na dirisha lenye mwanga vinatosha kuanza leo.

Kwa tunaoishi pwani, Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, unyevu ndio adui. Usiifungie kabatini kati ya nguo. Nunua boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vile vipakti vya kufyonza unyevu, na uitoe mara kwa mara ipate hewa.

4. Hapa naongea kama nesi

Vile vipakti niliyovitaja viwe mbali na mtoto, ni rahisi kumkaba. Hatari kubwa zaidi ni betri bapa ndogo kama sarafu, zinazokaa kwenye rimoti za kamera. Mtoto akimeza ikakwama kwenye koo la chakula, inaweza kuunguza ndani kwa muda mfupi kama saa 2. Ukishuku tu amemeza, usisubiri dalili wala usimtapishe. Kimbia hospitali.

Pili, zile picha za kichanga amelala kifudifudi, kidevu kimekalia viganja vyake kama mtu mzima anayewaza. Usijaribu nyumbani. Zinazofanywa kwa usalama ni picha mbili zilizounganishwa kwenye kompyuta, na katika kila moja kuna mkono wa mtu umemshika mtoto. Kichanga hawezi kubeba kichwa chake. Mlaze chali kwenye kanga safi karibu na dirisha, inatosha na inapendeza.

Tatu, kichanga anaona vizuri zaidi umbali wa sentimita 20 mpaka 30. Pima mwenyewe: ni kutoka kwenye titi mpaka kwenye uso wako. Kwa hiyo wakati wa kunyonyesha weka kamera chini. Anautafuta uso wako, usimwekee lenzi katikati. Lile tabasamu la kukujibu linakuja kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8. Likija mara ya kwanza, lipokee kwa macho yako kwanza. Kamera italipata la pili na la kumi.

Nne, ridhaa ina pande mbili. Mtoto wa jirani ana mama yake, muulize kabla hujapiga, na umuulize tena kabla hujaposti. Wodini kamera haiingii, na picha za watoto uchi zisiende mtandaoni hata kama ni wa kwako na ana miezi mitatu. Atakuwa mkubwa huyo, na mtandao hausahau.

5. Wewe uko wapi kwenye picha?

Fungua simu yako sasa hivi uangalie. Mtoto yumo, baba yumo, keki imo. Wewe hakuna, au kuna kiwiko chako. Miaka 20 ijayo mwanao atatafuta uso wako wa leo, huo huo wenye macho ya kukosa usingizi na kilemba cha haraka.

Kwa hiyo mfundishe mwenzio. Weka mipangilio mwenyewe, mpe kamera, mwambie abonyeze. Au iweke mezani kwenye vitabu, washa kipima muda cha sekunde 10, ukae. Usisubiri kupungua, usisubiri kusuka. Jamani mwili uliobeba mimba miezi tisa hauna cha kuficha kwa mtoto wake.

6. Zisafishwe!

Ukienda Mji Mkongwe Zanzibar, studio ya Capital Art ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha za watu wa enzi zile tunaziona mpaka leo kwa sababu zilikuwa kwenye karatasi na negativu, na kuna mtu alizitunza. Zetu ziko kwenye simu inayoweza kudumbukia kwenye ndoo ya maji kesho asubuhi.

Napendekeza hivi. Kwa Tanzania, kadi ya kliniki inakupa tarehe za chanjo: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Kila tarehe, piga picha moja, kiti kile kile, dirisha lile lile. Ni picha 6 tu. Safisha kila moja, andika tarehe na uzito nyuma kwa penseli, weka kwenye bahasha pamoja na kadi. Mwezi wa 18 zipange mezani kwa mstari. Hutahitaji mtu akueleze kamera ni ya nini.

Wanaosema ni anasa, sawa, iwe anasa. Mama anayelala saa nne kwa usiku, anayejua bei ya kila dawa ya mafua dukani, anayekula mwisho baada ya wote, anasa moja haitamharibu. Mimi naamini inamrudishia kitu: saa nzima ambayo anaangalia nyumba yake bila kutafuta cha kufagia.

Niambieni kwenye maoni: wewe kitu chako cha ridhaa ni kipi? Kushona, bustani, kuimba kwaya, kuogelea? Na wa kwanza kuandika "uza" nitamjibu kwa upole, ila nitamjibu.