Nani Aigharimie Mikoko?

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kauli hii inaafiki hali ya misitu ya mikoko katika pwani ya Kenya, mali ya umma ambayo mara nyingi hutafutiwa walezi ng'ambo.

Mfano mwafaka ni Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Tangu mwaka 2013, wenyeji wa vijiji vya Gazi na Makongeni wamekuwa wakihifadhi takriban hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Miti hiyo hufyonza hewa ya kaboni na kuizika matopeni. Kiasi kilichohifadhiwa hupimwa, kisha huuzwa kwa wanunuzi wa nje. Mapato yake yamesaidia kuleta maji na kununua vitabu vya shule. Hayo ni mafanikio yanayostahili pongezi.

Hata hivyo, mnunuzi hulipia anachokihitaji tu, yaani kaboni. Mizizi ya mkoko ni mazalia ya kaa, kamba na samaki. Mlilana, uotao upande wa bahari, hupunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Manufaa haya hayana mnunuzi Ulaya. Wanaofaidika nayo ni mvuvi, mchuuzi na mlaji wa hapa nchini. Kwa hivyo, umma ndio unaopaswa kuyagharimia kupitia hazina yake.

Sheria haina kigugumizi kuhusu suala hili. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiwajibisha serikali kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Aidha, upo mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027. Lakini mpango usio na fungu la kudumu katika bajeti ni mtumbwi usio na kafi.

Wapo watakaouliza: serikali yenye madeni itoe wapi fedha za kutunza matope ilhali hospitali zinahitaji dawa? Swali hili lina uzito. Jibu lake ni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia bahari hugharimu fedha nyingi wala hauzalishi samaki.

Fauka ya hayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Fungu hilo litengwe kitaifa na katika kaunti, na matumizi yake yasomwe barazani. Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wanapohitajika. Lugha hii ina majina ya mikoko tangu jadi: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mkomafi. Ilhali nyaraka za bajeti aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Daftari asiloweza kulisoma mwenye mali halimlindii mali yake.