Tiketi ya Guangzhou na hesabu ya saa

Wenzetu wa mpakani wanaofuata bidhaa Guangzhou kupitia Dubai husoma tiketi ya kurudi, wakatoa saa ya kuondoka kwenye ya kufika, wakapata saa 4. Mdogo wangu alihesabu hivyo, akaacha dawa ya kisukari kwenye begi lililopakiwa chini. Alishuka Dubai hoi, kiu imemshika.

Kumbe ni kilomita 5,800 hivi: kwenda kama saa 7, kurudi karibu 8, maana upepo wa magharibi huikabili ndege. China imetangulia Dubai kwa saa 4, na tiketi huandika saa za kila mji.

Ukimbizini Tanzania tulifundishwa: nyuzi 15 za longitudo, saa 1. Wanafunzi wangu huikariri barabara, lakini tiketi hawajaonyeshwa. Mtihani ujao nitawawekea ya mdogo wangu.