Tao lililoficha kasoro

Dirisha la Palladio husifiwa kwa umbo: uwazi mpana wa kati wenye tao juu, na ubavuni nafasi mbili nyembamba zilizofungwa kwa lenta iliyonyooka, nguzo zikizitenganisha. Mimi nasifu zaidi akili iliyolituma kazi. Mwaka 1549 wakuu wa mji wa Vicenza, kaskazini mwa Italia, walimpa msanifu majengo Andrea Palladio kazi ya kuuzungushia ukumbi wao mkongwe varanda za mawe za ghorofa mbili. Tatizo ni kwamba vipimo vya jengo la zamani havikulingana, na tao la nusu duara likiongezwa upana hupanda na kimo. Safu nzima ingekwenda mrama. Palladio akayaacha matao yote yawe sawa, tofauti akaisukumia kwenye zile nafasi za ubavuni: hapa akazipanua, kule kwenye kona akazibana. Mpita njia haoni kasoro yoyote. Tena umbo lenyewe hakulibuni yeye. Msanifu mwenzake, Sebastiano Serlio, alikwisha kulichapisha kitabuni mwaka 1537. Baadaye Waingereza na Wamarekani walilipenda mno, hata George Washington akaliweka nyumbani kwake Mount Vernon, ila huko likawa pambo la ukuta, halina kasoro ya kuficha. Kuiga si dhambi. Lakini wanaonakili michoro ya wakubwa wangejiuliza kwanza mchoro ule ulitatua shida gani, maana kiwanja kilichonyooka hakimpimi fundi.