Mkono wa Mkunga Ujifunze Kabla ya Saa ya Hatari



Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini uzazi unapoharibika, anayetegemewa ni mkunga ambaye mikono yake imekwisha kuizoea kazi. Swali ni hili: mikono hiyo ijizoeze kwa nani?

Uzazi wa kawaida mkunga mwanafunzi huuona kila siku. Mtoto aliyekwama mabega, au damu isiyokatika baada ya kujifungua, ni mambo yajayo mara chache, na yakija hayangoji mtu afungue kitabu. Si haki mzazi awe ubao wa kujifunzia.

Jambo hili lilifikiriwa zamani. Mwaka 1759 mfalme wa Ufaransa alimwagiza mkunga Angélique du Coudray azunguke nchini kufundisha wakunga. Mama huyo alifundisha kwa kiwiliwili cha mzazi kilichoshonwa kwa nguo na ngozi, pamoja na kitoto chake, ili mwanafunzi ashike na kugeuza kwa mikono yake mwenyewe.

Siku hizi yuko mwanasesere aitwaye MamaNatalie, wa kampuni ya Norway. Mwalimu humfunga tumboni pake akawa ndiye mzazi. Ndani mna kitoto, kondo la nyuma na mfuko wa maji mekundu mfano wa damu. Mwalimu akitaka, damu hutiririka. Mwanafunzi sharti atoe amri ya sindano ya oksitosini, asugue tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukaze, aite msaada, na huku amtulize mama kwa maneno mema. Akikosea, hurudia. Hakuna anayezikwa.

Umuhimu wake waonekana vyema kusini-magharibi mwa Uganda. Mzazi wa Kakoba, katika jiji la Mbarara, ana hospitali kubwa ya rufaa karibu naye. Mzazi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, yuko mbali nayo. Huko wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zisikikazo. Damu nyingi ya uzazi yaweza kumwua mama katika muda wa saa mbili tu. Gari la rufaa likichelewa, tegemeo lake ni mkunga wa kituo kilicho karibu. Kwa hiyo mkunga wa mbali ndiye anayehitaji mazoezi zaidi, wala si yule wa mjini peke yake.

Huko Mbarara, Dk. Data Santorino wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, pamoja na wenzake wa Marekani, walibuni kifaa kidogo cha kuungwa kwenye pampu ya kumpulizia pumzi mtoto mchanga asiyepumua. Kifaa hicho humwonya mkunga kama hewa inavuja au haifiki.

Hata hivyo, kuwa na mwanasesere si kuwa na ujuzi. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wakunga walifunzwa siku moja namna ya kumwokoa mtoto asiyepumua. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri, lakini wodini kazi haikubadilika. Mwaka 2011 yakaanzishwa mazoezi mafupi, dakika tatu hadi tano kila wiki, hapo hapo kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Somo ni wazi. Mwanasesere aliyefungiwa kabatini akingojea wageni ni pambo tu. Wakuu wa vituo wamtoe, wamweke karibu na chumba cha kujifungulia, na kila zamu imshike.

Nasi wa majumbani tuna wajibu wetu. Akina baba, wekeni akiba ya nauli mapema na muwapeleke wake zenu kituoni kabla mambo hayajawa mabaya. Wajumbe wa kamati za afya, ulizeni kikaoni: wakunga wetu walifanya mazoezi lini mara ya mwisho?