Bayi Angeshindaje Mashindano Ambayo Hayakuwepo?

Tangu Alphonce Simbu anyakue dhahabu ya dunia ya marathoni jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, ubishi haujapoa hata huku milimani. Sokoni Lukozi, kabichi zikirushwa mkono kwa mkono hadi juu ya Fuso la Dar es Salaam, wapakiaji wanakata shauri bila kushuka garini: Simbu ndiye mwanariadha bora wa Tanzania wa nyakati zote, basi. Kwa wapakiaji si neno. Tatizo ni wachambuzi, ambao kazi yao ni kujua zaidi, kurudia hayo hayo. Bora wetu bado ni Filbert Bayi.

Simbu nampa haki yake. Kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42 si lelemama, na marathoni ya leo ina ushindani mkali. Sawa.

Kinachoudhi ni hoja inayotolewa ili kufunga mjadala: Simbu ni Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, kwa hiyo amewapita wote. Wa kwanza, ndiyo. Lakini mashindano hayo yalianza lini? Helsinki, 1983. Bayi alipokuwa wa moto, 1974 na 1975, hayakuwepo! Mtu anafelishwaje mtihani ambao haukuwa umetungwa?

Mpimeni kwa vilivyokuwepo. Februari 2, 1974, Christchurch, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hakuna aliyemwekea kasi. Aliongoza mwenyewe tangu bastola ilipolia, mita 400 za kwanza kwa sekunde 54.9. John Walker, kijana wa nyumbani New Zealand, alimfukuza mpaka naye akavunja rekodi ya dunia iliyokuwepo, na bado akawa wa pili. Bayi: 3:32.16. Dunia ilisubiri hadi 1979 Sebastian Coe alipoishusha. Kama rekodi ya michezo hiyo, ilidumu hadi Birmingham 2022, miaka 48. Mei 1975, huko Kingston, akaongeza rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0.

Halafu Olimpiki ya Montreal, 1976. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Dhahabu ya mita 1500 akachukua Walker. Leo mchambuzi anafungua orodha ya medali za mbio hizo, halioni jina la Bayi, anasema "alikosa". Alikosa nini? Nchi ilimzuia kwa msimamo ambao mpaka leo tunajivunia, kisha tunamkata alama kwa kutii!

Wapenzi wa kikapu wanalijua hili. Bill Russell wa Boston hana bloku hata moja katika takwimu rasmi za NBA, kwa kuwa zilianza kuhesabiwa msimu wa 1973/74, naye alistaafu 1969. Hakuna mwenye akili anayesema Russell hakuzuia mpira.

Anayetaka Simbu akae juu aje na hoja ya ushindani, au ya kudumu kileleni tangu shaba ya London 2017 hadi Tokyo. Hapo tutabishana vizuri. Hiyo ya "bingwa wa dunia wa kwanza" aiache nyumbani.